Sekunde Tatu za Asubuhi

Mnunuzi alikuja kutoka Nairobi kwa treni ya usiku, na kabla jua halijatoka vizuri alikuwa amesimama uani kwetu Tudor, viatu vyake vya ngozi vimejaa mchanga. Mtu mstaarabu. Alimwamkia Baba kwa mikono miwili, akakataa chai, akalizunguka gari mara tatu bila kusema neno. Kisha akaniomba niwashe.

Nikaketi, nikazungusha ufunguo. Gari likakohoa, likashika. Mnunuzi akainua kidole kimoja kama mtu aliyesikia nyayo darini, akakaa hivyo kwa muda. Halafu akatikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni yenyewe nadhani ilikuwa ya kweli.

"Beringi za konrodi hizo, madam," akasema. "Zimekwisha. Hii injini ni ya kufunguliwa yote."

Kwenye simu tulikuwa tumeongea milioni moja na nusu. Sasa akasema laki sita, na kwamba kwa laki sita angelipakia kwenye lori siku hiyohiyo. Nikamwambia tutafikiria. Mdogo wangu yuko mwaka wa pili wa uuguzi, na zilikuwa zimebaki wiki tatu jina lake liondolewe kwenye orodha ya mtihani kwa sababu ya karo. Kwa hivyo hiyo "tutafikiria" sikuisema kwa raha. Laki sita zingelipa deni na kumvusha mwaka huo. Milioni moja na nusu ingemfikisha mwisho.

Alipoondoka niliwasha tena ili nisikie mwenyewe. Sikusikia kitu. Injini ilikuwa imeshapata moto, yanguruma zake taratibu kama paka aliyeshiba. Lakini kesho yake alfajiri nilipowasha, nikazisikia beringi. Nilizisikia wazi kabisa, zikigonga kama mtu aliyezikwa angali hai. Na hapa ndipo aibu yangu ilipo, msomaji. Wiki nzima kabla ya mnunuzi kuja nilikuwa nikiliwasha gari lile kila asubuhi kulizoesha, na sikuwa nimesikia lolote. Niliisikia sauti siku nilipopewa jina lake.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, la mwaka 1972. Milango miwili, pua ndefu, silinda sita zilizopanga foleni moja, lita 2.4, kabureta mbili. Waliokulia pande hizi miaka ile hawahitaji kuelezwa. Gari la aina hii lilishinda Safari Rally mwaka 1971, Edgar Herrmann akiwa kwenye usukani, na likashinda tena mwaka 1973 chini ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka huo Mehta na Msweden Harry Källström, aliyekuwa kwenye Datsun nyingine, walimaliza wakiwa na alama sawasawa za adhabu, maelfu ya kilomita za matope na vumbi na bado sawasawa, mpaka ikabidi sheria za mashindano zichambuliwe ndipo Mehta atangazwe mshindi. Baba aliyasikia matokeo hayo kwenye redio, akiwa kijana wa kazi pale bandarini, na akaapa. Kiapo kilimchukua miaka 13. Mwaka 1986 mwenzake wa kazini alikuwa anahamia Canada, akamuuzia hili, likiwa limeshaanza kutoboka sakafu. Magari haya na kutu ni ndugu, na hewa ya Mombasa ndiyo inayowalea. Sehemu ninayowekea miguu leo ni bati alilolichomea Baba mwenyewe mwaka niliozaliwa.

Sasa, Baba hasikii. Alikuwa fundi wa winchi na jenereta kwa miaka 31, enzi ambazo kuziba masikio kazini kulionekana ni deko. Sikio la kushoto lilikwenda kwanza, la kulia likalifuata. Tulimnunulia vile vifaa vya kuvaa sikioni, akavaa wiki mbili, akavitia kwenye kikombe cha kahawa kabatini. Anasema vinafanya dunia yote isikike kama samaki wanaokaangwa. Tangu hapo tunaongea naye kwa daftari. Daftari la shule, la mistari, kurasa 96. Nikiwa mkweli, kabla ya mambo haya daftari letu lilikuwa limejaa maneno kama "Chakula tayari" na "Umekunywa dawa?" Mtu ukiwa unaandika kila unachotaka kumwambia mzazi wako, unaanza kupunguza. Kwanza unapunguza maelezo, halafu unapunguza mzaha, na mwisho wake unabaki na matangazo.

Jioni ile mnunuzi alipoondoka, Baba alinisogezea daftari.

"Asema nini?"

Nikaandika: "Asema beringi za konrodi zimekufa."

Akasoma. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kikoi, akaivaa, akasoma tena. Kisha akachukua kalamu.

"Yeye asema. Wewe wasikia nini?"

Nikaandika neno moja: "Kelele."

"Kelele hata Kongowea ziko," akaandika. "Kama nini?"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimefundisha tanakali za sauti kwa miaka 11. Naweza kuamshwa usingizini nikazitaja: aliyeanguka majini ni chubwi, aliyeanguka mchangani ni tifu, aliyenyamaza ni ji, aliyelala ni fofofo. Nimesahihisha maelfu ya karatasi kwa orodha hiyo, na nimemkata alama mtoto aliyeandika kwamba nazi ilianguka "gudu" kwa sababu gudu haimo kwenye mwongozo. Basi nikakaa pale kibarazani na kalamu mkononi, mbele ya mzee anayesubiri, nikaona sina hata neno moja. Orodha yangu yote ni ya vitu vinavyoanguka. Hakuna hata moja ya kitu kinachozunguka.

Baba akaona nimekwama. Akajaza ukurasa mzima kwa mwandiko wake wa kulalia kushoto. Sauti yaanza kabla injini haijashika au baada? Ikianza kabla, na ni ya kusaga, hiyo ni stata na meno ya flaiwili, tuache habari ya beringi. Ukikanyaga mafuta, yafuata mguu wako au yabaki palepale? Ni moja au ni mbili? Ni nzito ya tumboni au nyepesi ya juu? Iko mbele kwenye redieta, au nyuma karibu na magoti yako? Yakaa muda gani? Hesabu. Chini kabisa akaandika, na kupigia mstari: "Injini ilale usiku mzima. Hatuna ila mara moja kwa siku."

Hilo la mara moja kwa siku ndilo lililonifunza subira, kwa lazima. Mlio wa injini baridi huwezi kuurudia. Ukishawasha, oili imepanda, chuma kimeanza kupanuka, na ushahidi umeondoka nao. Itabidi usubiri mpaka kesho. (Injini baridi kwa Mombasa ni injini yenye joto la kawaida la watu wanaotoka jasho, lakini ndiyo tuliyonayo.) Kwa hivyo kila siku baada ya sala ya alfajiri, kabla tuktuk hazijaanza fujo zake barabarani, nilifungua boneti, nikarudi kuketi, nikavuta pumzi na kuzungusha ufunguo. Baba alisimama kando, kiganja juu ya fenda. Mikono yake haikuwa imeacha kusikia. Kisha mimi naandika upesi kabla akili haijaanza kupamba.

Siku ya kwanza niliandika: "Inagonga kwa nguvu, kama mlango wa jela."

Baba akakata maneno "wa jela" kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: "Umewahi kufungwa?"

Msinicheke. Nimesoma uandishi, najua tashbihi ni nini, na sijawahi kuhaririwa vizuri namna ile. Siku ya pili nikajaribu tena, nikaandika kwamba ni "trrrr, nyepesi, kama njugu zinazotikiswa kwenye mkebe". Njugu akazikubali. Akauliza, je, njugu chache au mkebe umejaa? Zinatikiswa au zinamwagwa? Nikagundua sijui. Nilikuwa nimesikia jumla, sikusikia kitu chenyewe. Siku ya tatu nikafunga macho wakati wa kuwasha, jambo ambalo si salama sana lakini gia ilikuwa huru, na hapo ndipo kelele ile moja ilipofunguka ikawa mbili.

Nimeinakili hapa kama nilivyoandika, pamoja na haraka yake: "Ya kwanza: chwarrrr, kama shanga zinazomwagwa juu ya sinia ya bati, au mnyororo wa baiskeli uliolegea unaposugua kifuniko chake. Mbele, karibu na redieta. Yaanza injini inaposhika. Moja, mbili, tatu, yakatika ghafla. Ya pili: tk tk tk tk, kavu, kama cherehani ya Mama. Yabaki. Nikikanyaga, yaenda mbio na mguu. Nyuma, upande wa kabureta. Baada ya dakika kama nne au tano yafifia, na sikujua ilipoisha."

Baba alisoma "cherehani ya Mama" na kidole chake kikasimama hapo. Ile cherehani iliuzwa mwaka aliofariki. Hakuandika lolote juu ya hilo. Alifungua ukurasa mpya.

Akanieleza mambo ya cheni. Kwenye injini hizi, kinachozungusha shafti ya juu inayofungua valvu ni cheni ndefu iliyo mbele, nyuma ya kifuniko, na cheni hiyo hushikwa isilegee na kidude chenye springi, ambacho husukumwa pia na presha ya oili. Injini ikilala, oili haipaswi kurudi yote chini. Ikirudi yote, basi asubuhi cheni inazunguka bila mtu wa kuishika mpaka pampu ipandishe oili tena. Sekunde mbili, tatu. Ndizo hizo shanga. "Lakini hii ni maneno," akaandika. "Tujaribu."

Jaribio lenyewe lilikuwa rahisi hata nikatamani ningelibuni mimi. Asubuhi ya nne hatukuwasha. Nilichomoa waya wa koili ili plagi zisipate moto, kisha nikazungusha stata kidogo, nikaipumzisha, nikazungusha tena, huku macho kwenye mshale wa geji ya oili. Mshale wa gari hili ni mvivu kama karani wa Ijumaa mchana. Hatimaye ukapanda. Nikarudisha waya. Nikawasha.

Hakuna shanga. Ilibaki cherehani peke yake.

Baba, mkono juu ya fenda, akanitazama. Hakuhitaji kusoma. Lakini alisubiri niandike, nami nikaandika: "Chwarrrr haipo."

"Nani alibadilisha oili mara ya mwisho?" akauliza.

Ni mimi. Gari lilikuwa limekaa karibu miaka miwili bila kuguswa, tangu Baba aache kuendesha, na mimi, kumfurahisha mnunuzi, nilikwenda dukani nikanunua oili mpya na filta mpya. Filta ilikuwa ya bei rahisi, muuzaji akaniambia uzi ni uleule itaingia tu, na kweli iliingia. Tukaipeleka kwa Ami, rafiki wa Baba mwenye gereji chini ya mkungu kule Majengo. Si ami wa damu, lakini tangu utoto tunamwita hivyo. Aliishika ile filta, akaikata kwa msumeno kama anayepasua nazi, akaingiza kidole ndani.

"Mwalimu," akasema, "hii haina ulimi."

Filta nzuri huwa na ulimi wa mpira ndani unaofunga mlango oili isirudi, na kwenye injini hii filta imefungwa kwa ubavu, kwa hivyo bila ulimi oili hujiondokea usiku kama mpangaji asiyelipa. Nilikuwa nimeokoa shilingi mia sita na kitu, na zingetugharimu laki tisa.

Tuliweka filta yenye ulimi. Siku ya sita, shanga hazikurudi. Ningependa kusema tulisherehekea, lakini cherehani ilikuwa bado iko pale, na sasa ilisikika peke yake.

Ilibaki wiki moja na siku kadhaa. Mdogo wangu alikuwa ananitumia ujumbe kila jioni, hauulizi kitu, wasema tu "Shikamoo dada", na mimi najua.

Ami alikuja nyumbani na bisibisi ndefu. Anaweka ncha yake kwenye chuma na mpini kwenye mfupa wa sikio, na injini inamsimulia. Alipima tapeti kwanza, maana injini hii valvu zake hurekebishwa kwa mkono, na nafasi yake ikiwa moto ni milimita 0.25 upande wa kuingiza hewa na 0.30 upande wa moshi. Zilikuwa sawa, mbili tu ndizo alizozigusa. Tk tk tk ikaendelea. Akagusa pampu ya petroli iliyo mbele kulia, akasikiliza, akatikisa kichwa: "Huyu ana kisauti chake lakini siye." Basi akasema tufanye lile jaribio ambalo mimi nilikuwa nalikimbia tangu mwanzo.

Unavua waya wa plagi mmoja mmoja, injini ikiwa inawaka. Silinda uliyoivua inaacha kufanya kazi. Kama beringi ya konrodi ya silinda hiyo ndiyo mbovu, basi ukiiondolea mzigo mlio wake hubadilika au hutoweka. Ami alishika koleo iliyofungwa mpira, akaanzia mbele. Namba moja: tk tk tk. Akarudisha. Namba mbili: tk tk tk. Tatu. Nne. Tano. Injini ilikuwa ikichechemea kwa kila waya, na mlio uko palepale. Nilikuwa nimeanza kutabasamu.

Namba sita. Mlio ukanyamaza ji.

Akarudisha waya: tk tk tk. Akauvua: ji. Ami hakusema kitu. Alizima injini, akaanza kufuta mikono yake, akiifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimejizoesha kwa siku kadhaa kumwona mnunuzi kama tapeli, na hiyo ilikuwa imenipa nguvu fulani. Sasa ikawa ndiye aliyekuwa mkweli kati yetu sote. Nilifikiria kumpigia simu, nilikubali laki sita, nikaandika ujumbe wenyewe, nikaacha kuutuma kwa sababu ilikuwa saa nane za usiku na mtu asingependa kuamshwa kwa shida za wengine. Hiyo ndiyo sababu pekee. Sikuwa na busara yoyote zaidi ya hiyo.

Asubuhi nilimkuta Baba kibarazani na daftari. Alikuwa amerudi nyuma kusoma kurasa zangu zote tangu siku ya kwanza. Alikuwa amezungushia duara sentensi moja, ile ya siku ya tatu: "Baada ya dakika kama nne au tano yafifia, na sikujua ilipoisha."

Chini yake aliandika: "Hii ni kweli? Au umeipamba?"

Nikaandika: "Ni kweli."

"Beringi iliyokufa hainyamazi injini ikipata moto. Oili yawa nyepesi, yenyewe yazidi kupiga. Hii yako yafanya kinyume."

Kisha, mstari mwingine: "Ni nini kingine cha namba sita kinachonyamaza ukimwondolea moto?"

Nilimtazama. Alikuwa na uso ambao sijauona tangu nikiwa darasa la tano, akinisimamia hesabu za mafungu, anajua jibu na hataki kunipa.

Moshi, msomaji. Silinda isiyowaka haisukumi moshi. Kama pale moshi unapotokea pana ufa, moshi unapenya na kulia tk kila silinda inapopiga, na injini ikipata moto chuma kinapanuka, ufa unajifunga, mlio unakufa taratibu bila mtu kujua ulipoishia. Nilichelewa kulipata kwa dakika nzima, akaningoja.

Nikataka kuwasha kijiti cha udi nikiweke pale tuone moshi wake unavyopeperuka. Wazo zuri, nilidhani. Akaandika kwa herufi kubwa: "KABURETA ZIKO JUU YAKE. WATAKA KUTUCHOMA?" Ni kweli, kwenye injini hii njia ya kuingia na njia ya kutoka ziko upande mmoja, petroli juu na moto chini. Badala yake akaingia banda la kuku, akatoka na unyoya mweupe, akaufunga kwenye waya mrefu.

Hatukuwa tumewasha siku hiyo, kwa hivyo nafasi yetu moja ilikuwa bado ipo. Niliwasha. Baba aliinama mwenyewe, akapitisha unyoya chini ya manifoldi kuanzia mbele. Ulitulia silinda ya kwanza mpaka ya tano. Ulipofika nyuma kabisa, karibu na ukuta wa injini, ukaanza kutetemeka, pr pr pr pr, sawia na tk tk tk niliyokuwa naisikia mimi. Yeye aliiona, mimi niliisikia, na ilikuwa ni ileile. Tulipozima na kumulika kwa tochi, pale nyuma palikuwa na masizi meusi yaliyotandaa kama wino, na bolti moja ya kushikia manifoldi ilikuwa imekatika, kichwa chake hakipo. Inawezekana ilikatika miaka mingi nyuma.

Ami alikuja na drili. Alitumia siku nzima kukitoa kipande kilichobaki ndani, kidogo kidogo, akikinyunyizia mafuta na kukisemesha maneno ambayo sitayaandika hapa. Gasketi mpya, bolti mpya, gharama yote elfu tisa na chakula cha mchana. Alipokuwa anaondoka nilimuuliza kama mnunuzi alikuwa amenidanganya. Akafikiri.

"Alisikia kitu kinagonga, akataja kitu anachokiogopa," akasema. "Wengi wetu ndivyo tufanyavyo, mwalimu. Au alikuwa mwizi. Vyote viwili huwa na viatu vizuri."

Nilimpigia mnunuzi. Nikamwambia bei ni ileile ya mwanzo na sharti ni moja, aje alfajiri, aguse injini kwanza kwa mkono wake ahakikishe ni baridi. Alikuja na fundi wake. Fundi huyo aliweka kiganja juu ya kichwa cha injini, akaitikia kwa kichwa, nami nikazungusha ufunguo. Ilishika. Tulisimama watu wanne, kila mmoja amenyamaza kwa namna yake. Kulikuwa na kisauti kidogo mbele kulia, tik, tik, laini. Fundi akageuka upande ule.

"Hiyo ni pampu ya petroli," nikasema. "Ndiyo sauti yake."

Wakasikiliza kwa nusu saa nzima mpaka injini ikapata moto. Wakaenda mbali kidogo kushauriana. Tukafunga kwa milioni moja na laki nne, pesa zikaingia benki kabla ya adhuhuri. Mnunuzi akauliza kama gari lina rekodi za matengenezo. Hatuna, Baba rekodi zake alikuwa nazo kichwani. Lakini nilipomwandikia swali hilo, aliingia ndani, akatoka na daftari letu, akampa. Nikashtuka. Nikamshika mkono. Mle ndani mna njugu na shanga na mlango wa jela, mna cherehani ya Mama, mna "Umekunywa dawa?" ukurasa wa nne. Baba akanitoa mkono polepole.

"Mna kila kitu humo," alisema kwa sauti, ile sauti yake ya watu wasiojisikia, kubwa mno. Mnunuzi akalipokea kwa mikono miwili.

Gari likatoka langoni. Tulisimama barabarani tukilitazama likishuka kuelekea mtaa wa chini, likasimama kwenye tuta, likapita, fundi akabadilisha gia, likakata kona. Baba aliendelea kutazama ile kona muda mrefu baada ya kuwa haina kitu.

"Alipotia gia ya pili," akaniuliza, "lilisemaje?"

Nikapapasa mfukoni. Nilikuwa na kalamu, na bahasha ya karo ya mdogo wangu. Nikaiegemeza kwenye ukuta, nikaanza kuandika nyuma yake.